Kamba ya Jiko la Fatuma

Laini za shamba la miwa,
Msambweni.

Dada Mwanajuma,

Wifi yako Fatuma amekufa. Homa ilimshika Ijumaa, Jumatatu alfajiri akafa. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri, hapa hapa.

Shikamoo dada. Najua salamu ndizo hutangulia, lakini hili halikukubali kukaa nyuma. Hamjambo huko Mambrui? Mguu wako umepoa? Mimi mwili hauumwi.

Matanga yalikuwa siku tatu. Moto haukuwashwa kwangu, majirani walileta chakula. Jana walisoma hitima, wakaenda zao. Leo wenzangu wako kwenye miwa na mimi niko peke yangu. Nataka nikwambie habari ya jiko, maana hulijui.

Hapa laini kila mfanyakazi ana chumba kimoja. Ukipika ndani unalala na moshi. Fatuma alikuwa akikohoa sana. Nyapara akaniruhusu nijenge jiko uani. Fatuma alipokwenda kisimani, mimi nikakaa chini, nikanyoosha mkono, nikapiga vigingi. Hapa mafiga, hapa mtungi, hapa kuni. Aliporudi akakaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, akanyoosha mkono. Haukufika hata kigingi kimoja.

Akaniuliza, "Mume wangu, jiko hili umemjengea nani? Huyo mke mwenye mikono mirefu yuko wapi?"

Mke wa jirani alisikia, akacheka mpaka akatua ndoo. Laini nzima ikaniita Bwana Mikono Mirefu.

Nikang'oa. Tukaanza upya, yeye amekaa, mimi nina jiwe la kupigia. Alisema mpishi asiinuke inuke kama anayefukuza kuku. Moto uwe mkono wa kulia, maji mkono wa kushoto. Kuni zikae karibu na figa zikauke, lakini cheche zisizifikie. Kinu kiwe nje, kutwanga kunatikisa ukuta. Juu ya moto uchaga wa mahindi, moshi ufukuze wadudu. Dirisha liwe mgongoni kwake, upepo uingie hapo usukume moshi utoke mlangoni. Kila alipogusa kwa ncha za vidole nikapiga kigingi. Nguzo nne zimesimama. Fito nilikuwa sijafunga alipoanza homa.

Jana watu walipokwisha kuondoka nyapara alikuja. Alinipa pole. Kisha akasema chumba hiki ni cha mtu na mkewe. Jumamosi anaingia mwingine, mimi niende kwa wanaume wasio na wake.

Nikamuuliza, "Na jiko?"

Akasema, "Huyo mwanamke anayekuja atalipanga apendavyo."

Si mtu mbaya, naye ametumwa.

Leo asubuhi nilikaa mimi juu ya mbuzi. Goti linagonga kigingi cha mafiga. Mkono unapita vigingi vyote. Hapo ndipo nilipojua alikuwa mfupi kiasi gani. Miaka yote ile sikuwa najua.

Nikachukua kamba ya katani nikapima, kuanzia pale alipokuwa akikaa. Fundo la kwanza ni mafiga. La pili mtungi. La tatu kuni. Kisha nikang'oa vigingi mwenyewe, asije akaving'oa mtu mwingine.

Kamba imo humu ndani ya barua. Mwanangu Mishi uliye naye huko, mwambie wewe habari ya mama yake. Usimwambie amesafiri. Mwambie amekufa, asije akasikia kisimani. Mbuzi ya nazi ya mama yake nitamletea nikija. Mwache akue. Siku atakapokaa, akanyoosha mkono, vidole vikafika fundo la tatu, niandikie. Nitakuja kujenga jiko uani kwako, kama shemeji ataniruhusu. Kamba usianikie nguo, itarefuka.

Nisalimie shemeji. Nisalimie shangazi, mwambie asome dua. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemsomesha Fatuma naye apate habari. Mishi mshike kichwa kwa niaba yangu.

Nimeandika mwenyewe, ndiyo maana herufi zimelala. Usinitumie mtu wa kuja kukaa nami. Kesho narudi kazini.

Nduguyo,
Omari