Kibati Ambacho Sikukikunja

Namuwongo, 3 Machi 2025

Kaka Odero,

Salamu zitangoja kidogo, maana nikianza nazo ujasiri utaniisha. Jambo hili sijamwambia mtu: vanishi ya milango ya kanisa kule Bwaise niliiharibu mimi.

Unakumbuka Baba alivyokusema mbele ya mafundi wa karakana yetu, kwamba vanishi yako ni laini kama uji wa mgonjwa, kucha inaacha alama? Nilikuonea huruma. Ulipokwenda kula, nikaongeza kwenye mchanganyiko wako majagi mawili kutoka pipa la buluu, ile akriliki ngumu. Nikapaka kibati cha kujaribia, kikakauka, nikakikwaruza kwa penseli yangu ngumu kuliko zote. Hakuna alama. Nikafurahi, nikanyamaza. Vanishi ya milango ilipopasuka Baba akakufukuza wewe, nikanyamaza tena.

Umezifungia namba zetu zote, kwa hiyo barua anabeba Mama Hortense wa vitenge. U mzima huko Luzira?

Mdogo wako,
Akoth

Luzira, 9 Machi

Akoth,

Mimi mzima, mgongo tu. Nabeba mchanga kwenye ujenzi.

Hicho kibati ulikikunja? Jibu hilo peke yake.

Kaka yako

Namuwongo, 13 Machi

Kaka,

Habari ya mgongo? Huku tu wazima, ila jina lako halitajwi mezani.

Sikukikunja. Jana nimekikunja kuzunguka msumari kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kikalia tik, ufa kutoka ukingo hadi ukingo.

Baba bado anasema ulipunja ile ya pipa la njano, poliyurethani, ili uiibe kwa vile ni ghali. Kaka, nakuomba unisamehe. Ila tafadhali usimwambie. Nina lugha mbili za shule na zote hunikauka mbele yake.

Mdogo wako,
Akoth

Luzira, 20 Machi

Akoth,

Salamu zako zimefika. Zinang'aa juu, chini zina ufa.

Kwa hiyo unataka uoge mwenyewe, uchafu ubaki kwangu. Jumapili nilikutana na Mzee Barnabé wa kanisa lile, watu wamejaa. Akasema, "Ni wewe ule mwizi wa Namuwongo? Milango yetu inatoka maganda sawa ndizi." Watoto wakacheka. Nikacheka nao, nifanyeje.

Miaka miwili nakueleza, na ulikuwa unaitikia kwa kichwa tu. Ya buluu inaleta ugumu, ya njano inanyumbuka. Tatu kwa mbili, basi. Mbao za Bwaise zinavimba kwa mafuriko, zinanywea kwa jua. Vanishi isiyovutika nazo lazima ipasuke. Ndani ya mapipa yote mawili ni maziwa meupe, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Subiri siku ya kukunjwa. Wewe hujakunjwa hata mara moja.

Kuna fundi hapa anachanganya rangi, anataka mtu. Ameniambia nimletee neno la Baba kwamba mimi si mwizi, kabla Ijumaa ya tarehe 28 haijaisha. La sivyo, mchanga.

Usiniandikie tena. Mwambie Baba.

Odero

Namuwongo, Alhamisi 27 Machi

Kaka,

Najua ulinikataza, na hukutia hata neno "kaka" mwishoni. Habari ya mgongo hata hivyo.

Mara nne wiki hii nimesimama mbele ya Baba. Mara nne nimemuuliza kama anataka chai. Leo akasema, "Wewe mtoto, utanizamisha kwa chai."

Basi nimepaka vibati viwili. Cha kushoto ni tano kwa mbili, yangu. Cha kulia ni tatu kwa mbili, yako. Viko mezani pamoja na msumari na barua zako zote.

Viatu vyake vinakuja, nasikia ule wa kushoto unavyoburuta. Siku zote nikivisikia hufunika karatasi kwa kitabu cha Kemia. Kitabu nimekisukuma kikaanguka. Naandika haraka, utaniwia radhi mwandiko.

Anashika komeo.

Baba, ukifika mstari huu, anza na cha kushoto. Kikunje. Kisha umwandikie Odero leo hii, Mama Hortense anaondoka asubuhi.

Binti yako,
Akoth