Uso Niliougusa Siku Uliyokufa

Mama Shabani,

Wewe ni mkaidi, na kufa hakujakubadilisha. Nilikwambia tangu wakati wa palizi kwamba kifua hicho si cha kutibiwa kwa tangawizi. Ukanijibu, "Bi mkubwa, shughulika na alizeti yako." Haya, nimeshughulika nayo. Leo gunia moja nimelipeta mara tatu. Naweka ungo chini, natoka nje, narudi, napeta tena wakati hamna hata kapi. Sikai. Nikikaa nakuwaza wewe, nikisimama namuwaza yule nesi.

Usiniambie hujui kusoma. Tulipoitwa elimu ya watu wazima ulikataa, ukasema nyumba moja inatosha mke mmoja anayejua. Basi huyo anayejua ndiye anayeandika, na akimaliza atakuja kukusomea hapo ulipolala.

Unamkumbuka Nesi Neema wa kule hospitali ya mjini, yule Mnyiramba mrefu? Wenzake wote walikuwa na maneno yale yale, yamebandikwa ukutani, wanayasema kama watoto wanavyoimba jedwali la kuzidisha. "Karibu mteja wetu, nikuhudumie nini?" Mteja. Nilimuuliza mmoja kama nafanana na mtu aliyekuja kununua mchele. "Samahani kwa kukusubirisha," anakuambia, na macho yake yamo kwenye simu. Neema peke yake ndiye alianza na shikamoo, kama binti aliyelelewa. Ya ukutani hakuyasema hata moja. Mimi alinifokea, siku ile nakulazimisha uji: "Bibi, acha, atapaliwa." Nilikasirika sana. Wewe ukacheka na pumzi huna, kwa sababu miaka yote tuliyokaa boma moja hukuwahi kuona mtu akininyamazisha.

Na asubuhi ya mwisho wengine walipita wakisema, "Msijali, mko kwenye mikono salama." Neema akavuta stuli, akaketi, akaniambia taratibu, "Bibi, hatapona. Ila anasikia. Kama una neno naye, mwambie sasa."

Nikakuambia. Unajua nilichosema, siandiki hapa. Ulinibana kidole. Asingesema yule binti, ungekufa mimi nakupepea na kukudanganya kwamba kesho tunarudi Ihanja.

Tulipokuwa tunatoka, Shabani alitangulia kutafuta gari, mimi nyuma na mfuko wenye kanga yako na kikombe. Mlangoni binti wa mapokezi akanisimamisha. Ameshika kioo kama simu kubwa, wanakiita kishikwambi, kina nyuso tatu: mmoja unacheka, mmoja umetulia tu, mmoja unatoka machozi. Akasema, "Bibi, gusa uso unaofanana na ulivyojisikia wodini leo."

Nilijisikiaje leo? Ungekuwa wewe, ungegusa upi? Kwetu mtu hatoki kwa maiti akicheka. Nikagusa wenye machozi. Akaniambia, "Asante kwa kutuchagua, karibu tena." Karibu tena, mimi na kanga ya marehemu mkononi. Nilitaka kumpiga na kile kikombe.

Kumbe uso ule hawakuuhesabu kuwa wangu. Waliuandika kwa Neema, kama alama ya kazi yake.

Baada ya arobaini yako wakampigia Shabani simu kutoka hospitali. Wanasikitika, ndugu wa marehemu hakuridhika na nesi wa wodi. Nesi ameandikiwa barua ajieleze, na huenda akaondolewa wodini. Tulikuwa tunakula mchana. Shabani akauliza nani kamlalamikia Neema. Wote wakanitazama mimi. Mkweo, yule mdomo, akasema, "Nani tena kama si bi mkubwa? Alinuna tangu siku aliyokatazwa uji." Na Shabani, niliyembeba mgongoni wewe ukiwa shambani, akasema, "Mama mkubwa, hata aliyemuuguza mama? Mama amekufa, bado humwachi tu?"

Nikanawa, nikatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jibu lilikuwa fupi. Niligusa uso ule kwa kuwa nilikuwa nakulilia. Lakini ningelisemaje? Ihanja nzima inajua tuligombea kinu, tukagombea mume, na mume alipokufa tukagombea godoro lake. Siku ya kukuzika wanawake walinichungulia machoni kutafuta chozi, nikawanyima. Nikasema ni moshi wa jikoni. Leo nikisema nilikulilia watanicheka mpaka kisimani. Nisiposema, mtoto wa watu anaadhibiwa, na kosa lake ni kuniambia ukweli. Siku nne nazunguka ua huu na jambo hilo, na mkweo anadhani ni hatia ya ubaya wangu.

Sasa basi. Kesho asubuhi napanda gari la mjini, na Shabani na mkewe nawachukua wote wawili, wasikie kwa masikio yao. Nitamwambia matroni: uso ule ni wangu, nilikuwa namlilia mke mwenzangu, na Neema alinitendea kuliko binti wa kunizaa. Wafute, waandike upya mbele yangu. Nitaweka sahihi, siweki dole gumba. Na nitawaambia kwamba mtu anayetoka na maiti apewe pole, aachwe apite.

Hilo nakuahidi, na wewe unajua mimi nikisema. Nitalisema mara moja, kwa sauti, kisha mtu asiniulize tena. Na watakaonicheka kisimani wacheke, maji nitachota.

Pumzika, bi mdogo. Ila kesho usilale. Nikisimama mle ndani mbele ya Shabani, natafuta pa kuanzia, unishike ulimi nisimtukane mtu kabla sijamaliza.