Mitungi Iliyokwama Kisumu

Kamachumu, Aprili 1977

Waitu, mpendwa wangu Baba Immakulata,

Huku mvua imeangusha migomba nyuma ya nyumba, na mama yako ananigombeza utadhani mimi ndiye upepo.

Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, wewe umekwama Kisumu na meli yenu, na mitungi ya gesi ya friji letu la zahanati imekwama huko huko. Wakubwa wamegombana, na huku chanjo ya surua ikaanza kupata joto.

Gesi ilipoisha, Sista Ephrasia aliniambia, “Georgina, tuwachanje watoto leo leo, kabla haijaharibika.” Akina mama walikuja na mvua, foleni hadi barabarani. Unanijua, niliona haya, mimi muuguzi, kumtanguliza mtoto wetu. Nikamweka Immakulata nyuma kabisa. Dawa ikaisha kabla hajafikiwa.

Naandika, nainuka kumgusa, narudi kukaa. Ana homa, macho mekundu, na tangu jana vipele vimejaa usoni. Sista anasema, “Usijilaumu. Waliochanjwa wote ni wazima.” Ni kweli, nami nafurahi, kisha nakwenda jikoni kulia.

Kesho alfajiri tunampeleka hospitali Bukoba. Najua huwezi kuja. Ila kila akisikia gari anauliza, “Ni baba?” Nikimwambia mpaka umefungwa, anadhani ni mlango, na anataka kujua nani ana ufunguo.

Mkeo, asiyetulia,
Georgina