Nakala Arobaini Zisizo na Risiti

"Kitabu cha bure ni takataka. Kingekuwa na maana, kingekuwa na bei."

Hayo yalisemwa leo, Jumatano, na mwalimu mkuu wa shule moja ya kutwa upande wa Nyamira, shule ambayo mimi ni mwanachama wa bodi yake. Aliyasema akiwa amesimama dirishani, huku mvua ambayo hakuilipia hata senti ikinyeshea majani chai yake ng'ambo ya barabara. Mfukoni mwa koti lake kulikuwa na Agano Jipya dogo alilogawiwa bure akiwa mwanafunzi, ambalo hulisoma kwa sauti kila Sabato. Nilimuuliza kama nalo ni takataka. Akaniambia nisichanganye mambo.

Mvua haijakatika hadi sasa. Nimerudi nyumbani Kisii nimelowa, nina hasira, na nusu ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe. Nitafika huko.

Nianze na Kwamboka. Ni mwalimu wa bodi, maana yake sisi wanabodi ndio tunaomwajiri, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alisomea Biolojia. Historia alitupiwa kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuifundisha. Shule haina maabara. Ina chumba chenye meza ndefu na hadubini moja iliyopofuka.

Mwanamke huyu aliingia mtandaoni akapata masomo ya sayansi na historia ambayo walimu wa nchi nyingine wameyaandika na kuyaachilia kwa leseni ya wazi: nakili, gawa, badilisha upendavyo, mradi uwataje walioandika. Hakunakili kikasuku. Somo moja lilitaka mbegu zinazoota ziwekwe ndani ya thamosi pamoja na kipimajoto, ili mwanafunzi aone kwamba mmea ulio hai unapumua na kutoa joto. Kwamboka akaifuta thamosi. Akaandika gunia la majani chai.

Kila mtoto wa Nyamira anajua kwamba ukishindilia majani kwenye gunia kisha uchelewe kufika kituo cha chai, yanapata joto, yanakuwa mekundu, na karani anayakataa mbele ya watu. Wanalijua kwa mikono yao. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hiyo ni sayansi.

Kwa Historia alichukua picha ya zamani ya askari wa mkoloni wakichoma nyumba za Wagusii. Maelezo ya Kiingereza chini yake yalisema huo ni msafara wa kutia adabu. Aliyaacha kama yalivyo, akachora mstari mtupu chini yake, ili Kidato cha Tatu waandike maelezo yao.

Akapiga chapa nakala arobaini, akazishona kwa uzi kwa mkono wake, akazipeleka ofisini zigongwe muhuri wa shule.

Hapo ndipo zilipofia.

Walimu wenzake bado wanayaigiza mazungumzo yale wakati wa chai, mmoja akiwa mwalimu mkuu, mwingine akiwa Kwamboka:

"Madam, hizi zina risiti?"

"Hazina, mwalimu. Ni za bure."

"Bure kutoka kwa nani?"

"Kwa walioziandika."

"Na wao wanataka nini kwetu?"

"Tuwataje majina tu."

"Mimi sitaji watu nisiowajua. Kwani wameoa hapa?"

Kicheko. Walimu wenye shahada, wanacheka. Bila risiti, kitabu hakiingii kwenye daftari la stoo. Bila daftari hakipati nambari, bila nambari hakigongwi muhuri, na bila muhuri hakiingii darasani. Nakala arobaini zikafungiwa kabatini ofisini muhula karibu wote, na Kidato cha Tatu wakaendelea kunakili maneno ya ubaoni. Mtaniambia faili liko mtandaoni, wasome kwenye simu. Simu zipi? Ndiyo maana alishona karatasi.

Leo nilifika shuleni mapema kwa shughuli za bodi, mvua ikanikimbiza hadi jikoni. Mama Nyaboke, mpishi, alikuwa anawasha moto wa maharagwe.

"Omogaka, mzee wetu, karibu uote moto," akaniambia. "Karatasi za safari hii ni kavu! Zinashika mara moja."

Nilichomoa moja ikiwa imeungua pembeni. Ilikuwa na mchoro wa gunia.

Simlaumu Mama Nyaboke. Alipewa karatasi akawasha moto, na katika shule ile yeye peke yake ndiye aliyezitumia. Kabati la ofisini lilikuwa limepunguzwa karatasi ili kombe la mpira wa miguu lipate nafasi. Zimebaki nakala ishirini na mbili.

Nikapanda ofisini kwa kelele. Ndipo nikaambiwa habari za takataka na bei. Nikasema yangu, makali, na nilikuwa najipenda sana wakati nayasema. Yeye akafungua faili, akaniwekea mezani azimio la saba la bodi: nyenzo yoyote isiyo na risiti isiingie darasani. Sahihi tano chini yake.

Ya tatu ni yangu.

Nilisaini kikaoni bila kusoma. Ilikuwa saa nane, kuku alikuwa ameshaiva, na harufu ilikuwa imefika mezani. Mimi, ambaye kwa miaka mingi kwenye blogu hii nimewatukana watu wasiosoma, niliuza darasa zima kwa paja la kuku. Mwalimu mkuu alinitazama kwa upole. Hakuna tusi lililoniuma leo kama upole ule.

Ijumaa bodi inaamua kama Kwamboka atapewa mkataba mwingine. Shtaka ni kuingiza nyenzo zisizoidhinishwa, ingawa hazikuwahi kuingia popote ila motoni. Nilimkuta langoni chini ya mwavuli, nikaanza kumweleza nitakavyoandika na nitakavyowararua. Akanikatiza.

"Mzee, maneno yako makubwa yananichomea zaidi. Umeandika mangapi? Niletee tu ufunguo wa kabati."

Nilipanda gari nikaja kuandika.

Sasa nawaambia ninyi wanne mliosaini pamoja nami. Najua mnasoma hapa, kwa sababu kila nikiandika mnapigiana simu kunisengenya. Mtasema Ijumaa kwamba vitu vya bure vina makosa. Vina makosa, ndiyo. Nimeona moja kwenye ukurasa wa sita, na leseni inaniruhusu kulisahihisha kwa kalamu leo hii. Kitabu tulichonunua kina makosa pia, na hakuna anayethubutu kuyagusa kwa kuwa yana muhuri.

Nimewatumia faili la Kwamboka usiku huu, kurasa ishirini. Lisomeni lote kabla ya saa nne Ijumaa. Mkifika, nitamwuliza kila mmoja wenu kwa nini majani chai hupata joto ndani ya gunia, na asiyejua asiinue mkono kumhukumu anayejua. Tutafuta azimio la saba, tutasaini mkataba wake, na mwalimu mkuu atafungua kabati lile mbele ya Kidato cha Tatu.

Safari hii kuku atangoja.