Banjo ya Kwenu

Delfina, mbona hupokei simu? Soma basi, maana nitapasuka!

Mzungu wa kazini kwake kamwalika Leopoldi wangu kupiga bluegrass, ule muziki wao wa banjo na fidla. Wiki nzima kafanya mazoezi ya gitaa mpaka majirani huku Newburg tulikohamia wamechoka.

Tukafika. Wamekaa duara, kila mtu na zamu yake ya kupiga. Leopoldi kasimama na gitaa lake, hakuna hata aliyemsogezea kiti. Zamu ikazunguka, wakamruka. Ikazunguka tena, wakamruka tena!

Halafu mzee mmoja, kiongozi wao, akamtia banjo mikononi. Eti, "Weka gitaa. Banjo ilitoka kwenu Afrika, iko kwenye damu yako."

Kwenye damu!! Leopoldi, mpiga gitaa la solo wa kwaya yetu kule kambi ya wakimbizi, hajawahi kushika banjo maisha yake! Na wao wameshatoa simu wanamrekodi, wanachekelea kama wanaangalia mtoto anayeanza kutembea.

Unamjua alivyo mpole. Akairudisha taratibu, akamuuliza yule mzee:

"Kama banjo ni ya kwetu, mbona nyie mmekaa, mimi nimesimama?"