Dungu Lako Silibomoi

Mwanahawa,

Umekufa kwa malaria. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, hospitali, mkono wako mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Naanza na hilo kwa sababu huku watu wanasema umekufa kwa wazimu. Mwongo anayesema hivyo. Wazimu ulikuwa nao miaka, ukala nao, ukalima nao, haukukuua. Umeuawa na mbu, na kaka yako akamsaidia mbu.

Nina hasira. Usinitulize.

Mie nilikuwa Ikwiriri nabeba magunia ya ufuta. Homa ikakukamata kulekule shamba, kwenye dungu lako la kulindia ndege. Bi Tatu wa dungu la jirani ndiye aliyekukuta chini ya ngazi, unaweweseka, hujui hata jina lake. Simu yangu haipatikani, akampigia Shabani. Kaka yako akaja na gari lake toka Kibiti. Bi Tatu akamwambia, "Mshike, mwili unachoma kama kikaango." Shabani akamjibu, "Huyu namjua toka utoto. Wazimu wake umerudi." Hakukushika. Mkono mmoja tu kwenye paji la uso, Mwanahawa. Ungemgharimu nini?

Zahanati akaipita. Akakupeleka kwa fundi wake wa majini, wakakufukiza, wakakupigia ngoma, wakakupunga siku mbili, weye unachemka. Ulipolegea ndiyo hospitali. Wakakutoboa kidole, wakasema malaria, imeshapanda kichwani. Daktari akauliza, "Siku zote hizi mlikuwa wapi?" Mie ndiyo kwanza nafika mlangoni na vumbi la ufuta kichwani. Nikamwangalia Shabani. Shabani akaangalia viatu vyake.

Na weye nina neno nawe. Kwa nini ulipanda lile gari? Najua ulikuwa hujitambui. Najua. Nakuuliza hivyo hivyo.

Shabani hakuanza siku ile. Kwake yeye mambo yako yalikuwa mepesi. Ukiongea peke yako, unaumwa. Ukinyamaza, umepona. Basi. Unakumbuka ile wodi ya wagonjwa wa akili, kabla sijakujengea dungu? Ulivyoingia ulikuwa unasikia wale wanaume wa kichwani mwako wanakwambia chakula kina sumu, ukamng'ata mlinzi. Wakakuchoma sindano. Ukachomwa tena. Ukanyamaza. Daktari akasema dalili zimepungua sana, Shabani akachinja mbuzi Kibiti, watu wakala pilau, dada kapona.

Mie nikaja na samaki wa kukaanga. Ukala kama mtu anayebebeshwa mzigo. Nikakwambia mbuzi wako kazaa mapacha, ukasema, "Haya." Nikakwambia mama yangu kateleza kisimani, kavunjika mguu, ukasema, "Haya." Wanaume wa kichwani kweli walikuwa wameondoka, lakini waliondoka na weye. Hukuniambia hata nanuka gunia. Toka nikuoe hujawahi kunipokea bila kuniambia nanuka gunia. Siku ile nilikwenda nyuma ya ukuta wa wodi nikalia, nikajipangusa kwa shati. Hilo sikukwambia.

Halafu yule nesi wa Mbeya. Mie nilimwona ana mchezo. Wenzake wanakuuliza umesikia nini, umeona nini, yeye anakuuliza leo umefurahia nini, leo umemsaidia nani. Nikasema moyoni, huyu mke wangu hata kuoga anasukumwa, atamsaidia nani? Akaniagiza nilete ukindu wa kusukia mikeka. Nikaleta. Ukakaa nao siku nyingi mapajani, hujaugusa. Nikaja tena nikakuta ukili mfupi, umesukwa upogo, mtoto angeusuka vizuri zaidi. Nikaja tena, umenyooka. Nikaja tena, unamfundisha yule binti wa kitanda cha dirishani, unamgombeza, "Vuta, usibembeleze, huo si mtoto."

Nikakusogelea. Ukanusa. Ukaniambia, "Weye unanuka gunia. Kaa upande wa upepo."

Nikakaa upande wa upepo. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale.

Na siku ileile ukaninong'oneza kwamba mmoja kati ya wale wanaume karudi. Ukasema kawa mdogo, kama redio ya jirani, unamsikia lakini humsikilizi. Shabani alipopata habari akaja juu, anataka ichomwe ile sindano kubwa. Nesi akamwambia, "Kaka, kuumwa ni kitu kimoja, kuishi vizuri ni kitu kingine. Mwezi ule alikuwa hasikii chochote, na alikuwa haishi. Sasa anasikia kidogo, na anaishi." Shabani akatoka anasema watu wa bara wanajifanya wajuaji. Mie nilimshika mkono yule nesi, nikamwachia samaki wote.

Tukarudi Ngorongo na vidonge vyako. Nikakujengea dungu refu kuliko yote ya bonde lile, maana nilikuwa sijui pengine pa kukuweka. Kijijini ukimjibu yule bwana wako wa sikioni, watoto wanakufuata. Juu ya dungu, wakati mpunga unatia maziwa, kila mtu anapiga kelele kutwa. Ndiyo kazi yenyewe, kuamia ndege. Unagonga debe, unapaza sauti, "Ondoka, mla vya wenzio!" Nani ajue kama umemwambia ndege au umemwambia yeye? Bi Tatu toka dungu lake akakuuliza, "Hilo langu au la ndege?" ukamjibu, "Atakayejiona ndiye." Mkacheka nyie wawili mpaka ndege wakatua.

Misimu mitatu. Asubuhi kidonge na kiporo, kutwa debe na ukili. Mikeka yako wanalalia watu nisiowajua. Ulikuwa unasikia sauti na ulikuwa mzima. Mie naweza kuapa kwenye msahafu.

Sasa nikwambie matanga yalivyokuwa.

Bi Tatu ni mtani wenu, na mtani kazi yake unaijua. Maiti asiyeigizwa na mtani kazikwa nusu. Wanawake wamekaa kimya uani, yeye akatoka nyuma ya nyumba kajifunga kanga yako ya zambarau, debe lako mkononi. Akapanda juu ya kinu. Akaligonga. "Ondoka, mla vya wenzio!" Halafu akageuza shingo, akazungumza na bega lake vilevile ulivyokuwa ukifanya, "Na weye bwana nyamaza, mume wangu yuaja, ananuka gunia, utakimbia mwenyewe."

Mwanahawa, nilicheka. Machozi na kamasi, nikacheka. Wanawake walilaliana. Ulikuwa umesimama pale juu ya kinu.

Shabani mjini kumemharibu. Badala ya kucheka akaruka, "Unamwita dada yangu kichaa mbele ya watu?" Akamsukuma. Bi Tatu akaanguka na debe. Mtani anasukumwa? Msibani? Wazee wakakunja mikeka, wakaondoka, hata dua haikuisha. Bi Tatu akakaa palepale chini, kalikumbatia debe, akasema haliachii mpaka likombolewe. Hiyo ndiyo haki yake. Shabani akasema hatoi kitu. Nikaenda bandani nikamkamata jogoo wako mwekundu, nikampa Bi Tatu mkononi. Ulikuwa unampenda yule jogoo. Utanisamehe. Usiponisamehe, basi.

Jana, matanga yamekwisha, kaka yako akaja shamba na vijana wawili na galoni la petroli. Ati dungu lichomwe, majini yako yamebaki humo, yasije yakashika mwingine. Nikasimama chini ya ngazi na panga. Sikulinyanyua. Nikamwambia, "Shemeji, majini hayakukaa hapa. Hapa alikaa mke wangu, mzima. Mgonjwa wa homa ulimchukua weye, ukamrudisha kwenye sanda." Akasema kuanzia leo udugu umekwisha. Nikamwambia uliisha pale ulipoogopa kumshika dada yako. Vijana wakatangulia kuondoka. Yeye akabaki na galoni lake, akafunga kifuniko. Kisha akawafuata. Simwonei huruma. Labda siku moja. Siyo mwaka huu.

Leo nimeamia mwenyewe. Nimepanda dunguni tangu alfajiri na debe lako. Mwanzo niliona haya, natoa sauti kama ninayebisha hodi. Ndege wakanidharau. Nikapaza. Nikamtaja Shabani. Kundi zima likainuka. Basi kutwa ndege wa bonde hili wote walikuwa wanaitwa Shabani, nimewatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, na Bi Tatu kule ananiitikia, "Mwongeze!" Jioni koo limekauka, kifua chepesi. Nikasema, kumbe ndicho ulichokuwa unakipata huku juu.

Ukili wako uliouacha nimeukuta umechomekwa darini. Sijui kusuka. Nimeuacha ulipo.

Nakuahidi mawili. Dungu silibomoi, likioza nalijenga upya. Na popote nitakaposikia umekufa kwa wazimu, sitapita, nitasimama niseme malaria, hata kama ni msikitini, hata kama ni dukani kwa kaka yako.

Lala sasa. Na huyo bwana wako wa sikioni, kama mmekwenda naye, mwambie na yeye alale.

Bi Tatu ataamia mashamba yote mawili mpaka Ijumaa. Nitarudi hapa nanuka gunia na hakuna wa kuniambia, nitakaa upande wa upepo hivyohivyo.

Kesho narudi kazini.