Usukani wa Shangazi Unapepeta

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeweka dau. Dau lenyewe ni mimi!

Shangazi kaingia gereji saa nne na kile kigari chake—kifupi, cha mraba, magurudumu yote manne yanavuta, kinapanda mlima kama mbuzi. Tunakiita Kibiriti. Hakushuka. Kakaa tu, mikono kwenye usukani, kama mtu aliyetoka kupigana mieleka na ng'ombe. Kasema akifika mwendo wa sitini, akikanyaga shimo hata la kuku kuogea vumbi, usukani unaanza kupepeta kama ungo. Hauachi mpaka asimame kabisa. Meno yanagongana. Na nyuma huko nyuki wanamtukana.

Nyuki ndiyo kazi yake. Anahamisha mizinga shamba hadi shamba, anafuata maua. Jumamosi asubuhi ana mizinga minane ya kupeleka ng'ambo ya bonde, barabara yote mteremko, na Mama anakwenda naye kumsaidia.

Bosi wangu, Fundi Kimya—anasema maneno kumi kwa siku, saba ni "lete spana"—kajikuna shingo, hajafungua mdomo bado, mimi nikadakia. Kazi ndogo hiyo! Niachieni. Mimi gari nalisikiliza kwa sikio tu, kama daktari.

Balaa ni kwamba Mama alikuwa ameniletea chakula. Kasikia. Kaweka bakuli chini, kasema sawa, Daktari. Kigari kikipona kabla ya Jumamosi, wewe peke yako, bila Fundi kukusaidia, sitataja shule tena maishani. Kisipopona, Jumatatu unavaa sare. Mwalimu mkuu keshakubali. Ila nianze upya kidato cha kwanza, maana cha pili nilikiacha katikati. Cha kwanza! Darasa moja na mdogo wangu Kidomo! Atakuwa ananyoosha kidole kunisemea kila kipindi.

Nimesema sawa. Mbele ya watu. Mdomo huu utaniua kabla ya gari.

Fundi Kimya kaniachia maneno mawili tu: "Mkono kwanza." Hiyo ndiyo dini yake. Kabla hujafungua hata nati moja, lala chini ya gari, mtu atikise usukani, wewe shika kiungo kimoja kimoja mpaka mkono ukuambie kipi kimelegea. Mambo ya wazee. Na shati langu ni jipya.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata!

Ndani ya rimu ya mbele kulia kulikuwa na tope lililokauka, bonge kama mkate. Gurudumu zito upande mmoja litaachaje kuyumba? Nimelikwangua, nimeliosha, nikahamisha na matairi kabisa, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Nusu saa. Nikajipigia makofi, maana waliokuwepo hawakupiga.

Baadaye:

Nifute hayo ya juu? Basi yabaki.

Tulikwenda kujaribu, Shangazi anaendesha, mimi pembeni yake kama mkaguzi. Hamsini—laini kama maziwa. Hamsini na tano—nikaanza kupiga mluzi. Sitini, tukapita kibonde—jamani! Usukani ukapandwa na pepo. Mashavu ya Shangazi yalikuwa yanakwenda kwao na yeye anakwenda kwake. Mluzi ukageuka wenyewe ukawa yowe.

Na nyuma kulikuwa na mzinga. Mtupu, alisema Shangazi. Haukuwa mtupu.

Gari tuliliacha katikati ya barabara, milango wazi, sisi tuko mtaroni tumelala kifudifudi. Nimeumwa sikio. Lile lile la udaktari. Limekuwa kama andazi. Shangazi kauliza, haya mwanangu, sasa unasikia vizuri? Kacheka mpaka kashindwa kunyanyuka.

Nimerudi nyumbani nimekuta Kidomo kanibandikia ratiba ya vipindi ukutani, juu ya kitanda changu. Jumatatu tunaanza na hesabu. Vipindi viwili mfululizo.

Jumatano, 5 Machi

NIMESHINDA. Niandike kwa herufi kubwa, na bado hazitoshi.

Nyuma ya gereji kuna mzoga wa kigari cha aina hiyo hiyo, umeota majani, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Leo nimechungulia chini yake. Ile shokapu nyembamba ya usukani ipo! Kazi yake ni kuutuliza usukani usirukeruke, kama unavyomshika mlevi kiunoni mkivuka barabara. Ya Shangazi imekufa—ukiivuta inakuja, ukiisukuma inarudi, haina ubishi hata kidogo. Ya mzoga bado mbishi kama Kidomo. Nikahamisha. Nati mbili tu, nimezifikia kwa kuchuchumaa, na kuku mmoja aliyenuna.

Sitini. Kibonde. Kimya! Sabini. Kimya! Themanini! Shangazi akaachia mkono mmoja akapiga kigelegele dirishani, mwenye baiskeli akaingia kichakani. Gereji nimeingia nimekaa juu ya boneti kama bwana harusi.

Mama alikuwepo. Kaangalia gari, kaniangalia mimi, kasema haya, hongera. Halafu kageuka upande, na nikaona kumbe alitaka nishindwe. Si kwa ubaya. Alikuwa anataka tu. Sikupenda kuliona hilo, kwa hiyo nikaongeza kelele.

Fundi Kimya kaniuliza neno moja: "Ulishika?" Nikasema nimeshika kila kitu, Fundi, kiungo kimoja kimoja. Wapi! Kalitazama shati langu. Jeupe pe, bila tone la grisi. Kaondoka zake.

Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi

Afadhali nisingejisifu.

Shangazi aliniachia Kibiriti nikaze bawaba za mlango wa nyuma, nyuki wasipate upenyo. Kidomo kapita akitoka shule, begi mgongoni. Kasema yale ya jana ni bahati tu. Bahati! Mimi! Nikamwambia ingia ukae kwa dereva, nikuonyeshe ufundi unavyopimwa. Nikapiga jeki mbele mpaka gurudumu likaning'inia. Nikalishika juu na chini nikalitikisa, kama Fundi anavyofanya. Lilitakiwa litulie kama ukuta ili nijisifu.

Likacheza. Ko-ko. Ko-ko.

Nikamwambia kanyaga breki, kanyaga hasa, jifanye unakanyaga kidole changu. Kwa sababu breki ikibana na gurudumu likatulia, ubovu ni beringi za gurudumu lenyewe, jambo dogo. Likiendelea kucheza, ubovu uko ndani zaidi, kwenye goti, pale gurudumu zima linapogeukia kulia na kushoto.

Kakanyaga.

Ko-ko.

Goti limekwisha. Shokapu yangu haijaponya kitu, imemziba mgonjwa mdomo asilie. Siku shokapu ikichoka, yote yatarudi mara moja. Na Shangazi hataendesha tena kwa woga, anaamini limepona. Nimemwaminisha mimi.

Kidomo kauliza ndiyo nini? Nikasema ndiyo safi. Kasema mbona rangi imekutoka? Nikasema jua.

Fundi alikuwa ndani, hatua kumi na moja. Nilizihesabu. Sikuzipiga.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kachukua gari asubuhi, ana mizinga miwili ya shamba la karibu. Geti nilimfungulia mimi. Nikamwambia nenda polepole. Kasema we si ulisema themanini? Nikasema ndiyo, lakini nyuki, Shangazi. Kasema tangu lini unawajali nyuki.

Sikula. Honi ikilia nasimama. Fundi kaniomba spana kumi na nne, nimempa nyundo. Kaipokea tu, kaishika kama mtoto aliyepewa zawadi asiyoitaka.

Saa kumi karudi. Mzima! Kaniletea kipande cha sega, asali inachuruzika, kasema hii ya Daktari. Nimekula. Tamu.

Gari kaliacha gereji apakie kesho mapema. Mizinga minane. Na Mama.

Nyumbani Mama ameikunja ile sare, ameisukuma juu ya kabati, nyuma kabisa, ambako hata yeye hafiki bila kigoda. Ratiba ya Kidomo imebanduliwa. Sikuuliza nani kaibandua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika gereji jua halijatoka. Nikapiga jeki. Nikatoa magurudumu yote mawili ya mbele.

Halafu nikafikiri: haya naweza kuyarudisha. Najijua. Wakija wakicheka, nitayarudisha na nitawapungia mkono. Kwa hiyo nikafungua na goti lenyewe. Sasa arudishe anayeweza!

Beringi imetoka vipande vipande, kutu nyekundu tupu, maji yalishaingia zamani. Hata mtoto angeiona, mradi angelala chini. Shati limekufa.

Fundi Kimya kaja wa kwanza. Kachungulia beseni nilimoweka vipande, kachukua kipande kimoja, kakiviringisha kati ya vidole. "Mkono?" Nikasema mkono. Kasema beringi mpya anazo kwenye kopo, ila kazi ni mpaka saa nane, na kwa mtu mmoja ni mpaka kesho. Kavua koti lake, kalitundika msumarini, kalala upande wa pili wa gari. Nikajua ile "peke yako" ya Mama imekwenda. Sikumzuia. Nilisogeza beseni tu.

Mara Shangazi na Mama hao, wamevaa mavazi ya nyuki, nyavu usoni, kama mabibi harusi wawili waliokosea ukumbi. Kidomo nyuma na chupa ya chai. Wakakuta Kibiriti kiko juu ya magogo hakina miguu ya mbele.

Mama kauliza nani kafanya hivi. Nikasema mimi. Nikaeleza yote, shokapu, goti, maji, kutu. Nikasema halikupona, Mama. Nimeshindwa. Mama kaketi juu ya tairi. Nilingoja afurahi. Hakufurahi. Kauliza tu kama nimekunywa chai.

Shangazi yeye kacheka. Kasema basi, tutahama kesho, nyuki hawana kalenda, na heri gari lianguke hapa gogoni kuliko bondeni na mama yako ndani. Kanipiga bega. Nikaanza kuona mambo si mabaya. Nikaanza hata kufungua mdomo nieleze jinsi mkono wangu ulivyo hodari.

Ndipo Kidomo akasema, anamimina chai: "Kumbe ndiyo ile ko-ko ya Alhamisi? Niliyokukanyagia breki?"

Fundi Kimya alinyamaza kuliko kawaida yake, na mimi sikujua kwamba inawezekana.

Shangazi kanigeukia. Hajavua wavu, macho siyaoni. Jana amezunguka na gari hilo kutwa. Kauliza polepole, bila kelele, na Shangazi bila kelele sijawahi kumsikia:

"Baba, ulijua lini?"

Nikasema ngojeni kwanza ninawe mikono.

Ndiyo niko hapa bombani nyuma ya gereji, daftari juu ya goti, kurasa zimepata grisi. Nimenawa kwa sabuni ya unga. Nimenawa kwa mchanga. Nimenawa kwa mafuta ya taa, halafu sabuni tena kuondoa mafuta ya taa. Mama kaita, mikono mingapi hiyo?

Nimetunga majibu. Alhamisi sikuwa na uhakika—zuri. Alhamisi nilidhani ni tairi—zuri zaidi. Kidomo hajui gari, hajui alichosikia—hili ndilo zuri kuliko yote, Mama angelikubali, na Fundi hatasema kitu, hasemagi. Yanakuja yenyewe, yamepangana mstari. Mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema.

Nasikia kokoto. Viatu vya Shangazi. Vimesimama hapo kwenye kona, havisogei, vinaningoja.

Mikono inang'aa. Hata kucha. Hakuna tena cha kunawa.